Mshipi Haujikorogi Wenyewe

Maswali ya wavuvi kuhusu vyombo vidogo. Anayejibu ni nahodha mstaafu wa Kigombe, Tanga, aliyevua kwa ngalawa na mashua miaka 34 na sasa anavua kwa mdomo tu.

*Shikamoo babu. Mimi, kaka yangu na binamu yetu tuna ngalawa ya mwembe, urefu wake kama hatua nane. Mchana tunavua kwa mishipi, usiku wa giza tunatega zulumati (kamba ndefu ya kutega) ya ndoana 120, na mara mojamoja tunabeba majarife mawili (nyavu za macho makubwa) aliyotuachia marehemu baba. Tatizo letu ni vurugu. Juzi tulifika mwambani alfajiri, jua likapanda bado tunafumbua zulumati, na binamu akachomwa na ndoana kiganjani. Tumenunua ndoo, tumenunua masanduku ya plastiki, sasa hata pa kukanyaga hapana. Tupange vipi? (Kijana wa Mkwaja)*

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza huyo binamu. Ndoana ikishazamisha kijino chake nyamani, msiivute kurudi ilikotokea. Kateni mshipi, mfungeni kitambaa, mpelekeni zahanati akatolewe, na aulize sindano ya pepopunda. Mimi niliwahi kumvuta mwenzangu kwa koleo. Ndoana ilitoka, nyama ikatoka, urafiki ukabaki kidogo.

Sasa hayo masanduku. Yarudisheni nyumbani yote, mbakishe moja. Sanduku lina pembe nne, na ngalawa haina hata moja. Mtu akikaa humo magoti yake yanakutana. Sanduku likiingia, mguu unakosa pa kwenda, na maji yakijaa ngamani, chini kabisa ya chombo, sanduku linaelea na kuanza kutembea kama abiria. Mmenunua vyombo vya kuwekea vitu kabla hamjajua vitu vyenyewe vinatoka kwa zamu gani.

Ukipakia, usianze kujiuliza kitu kitakaa wapi. Jiulize kitatoka lini. Cha kutoka mwisho kiingie kwanza, na kile ambacho huenda kikahitajika ghafla kisilaliwe na chochote, hata kofia.

Mimi hili nililijua Juni 1991, upepo wa kusi umeshachangamka. Tulikuwa watatu kwenye ngalawa ya ami yangu, tumetoka kuopoa majarife. Usawa wa kisiwa cha Karange upepo ukavunja foromali, ule mti unaobeba tanga, tanga likaanguka majini, ngalawa ikaanza kwenda mwambani kwa ubavu. Ami akapiga kelele, "Nanga!" Nanga nilikuwa naiona, iko mbele yangu. Kamba yake ndiyo sikuiona. Asubuhi niliitupa katikati ya chombo, na sasa juu yake yamelala majarife yaliyolowa, na juu ya majarife papa wawili na samaki taa mmoja. Nikavuta. Ikaja kama urefu wa mkono, ikagoma. Nikavuta tena, ikaja na nyavu. Tengo la kulia, ule ubao wa ubavuni unaozuia ngalawa isipinduke, liligonga mwamba nikiwa bado nimepiga magoti nachakura kama kuku jalalani.

Tulifika nyumbani kesho yake, tengo limefungiwa gongo la mkoko. Ami hakunigombeza. Alinipa ile kamba, akaniambia nikae nayo pwani, niikunje na kuikunjua mbele ya watoto wanaocheza, mpaka magharibi.

Kwa hiyo omo, mbele ya chombo, ni pa nanga na kamba yake, basi. Kabla hamjasukuma chombo majini, ncha ya mwisho ya kamba iwe imeshafungwa kwenye chombo. Wapo waliotupa nanga na kamba yake yote wakabaki wanaangaliana. Kisha kamba ilazwe kwa duara ukianzia hiyo ncha iliyofungwa, ili upande wa nanga ndio uwe juu. Ikilazwa kinyume, itakuja na mafundo hata kama ulikunja vizuri namna gani.

Zulumati yenu ndiyo inayowala muda, hebu tukae nayo. Nimeona vijana wanaikusanya kwenye ndoo nyembamba ndefu. Ndoo nyembamba haifai, ndoana zinaangukia katikati ya kamba na kila moja inatafuta jirani wa kumng'ata. Tafuteni beseni pana lenye mdomo mkubwa, lile la kufulia. Chukueni ndala mbovu, mkate soli zake vipande vyembamba kama kidole, mvitoboe na kuvishona kwa waya kuzunguka ukingo wa beseni. Hapo mmepata pa kuchomekea ndoana. Chini ya beseni tandikeni kipande cha gunia kilicholowa, kamba isiteleze.

Sasa mnapoivuta kutoka majini, mmoja anavuta, wa pili anakaa na beseni katikati ya miguu. Kamba mama inaanguka ndani kwa duara, kila duara juu ya mwenziwe. Ikifika ndoana, mkono wa kulia unaichomeka kwenye soli, ncha ikitazama nje, na ya pili yake inachomekwa upande wa kulia wa ile ya kwanza. Daima upande mmoja. Mkianza kulia, endeni kulia mpaka mzunguke. Kijishipi cha kila ndoana kinaning'inia ndani ya beseni bila kuvuka cha mwenzake. Ndoana 120 zinakwenda mizunguko miwili. Ule wa pili uchomekwe juu kidogo ya ule wa kwanza. Ukija kutega, unaanza na ndoana uliyoichomeka mwisho, unarudi nyuma. Hata macho hayahitajiki, kidole kinajua ijayo iko wapi. Ndoana iliyopinda au iliyokatika msiiache pengo. Chomekeni pale kijiti, ili wa kutega ajue mapema kuna nafasi tupu na asipapase.

Nasema haya kwa sababu zulumati hukorogeka wakati wa kuvuta, lakini mnaiona imekorogeka wakati wa kutega, tena mkidhani imejikoroga usiku. Haijikorogi. Aliyeivuta alikuwa amechoka, akajaza tu.

Mishipi ya mkono ni rahisi zaidi. Kila mtu na kibao chake, au chupa ya plastiki, na kila mtu na mahali pake; mshipi wa kaka usivuke goti la mdogo mtu. Mkivua kwenye pima 20 au 30, mshipi unaoingia uangukie ndani ya beseni dogo, usiangukie miguuni. Nailoni ikiwa kavu ni kaidi, inaruka. Imwagieni maji kidogo itatulia. Na samaki akikata, msishike lile lundo na kuligeuza kichwa chini kutafuta ncha. Ncha iko juu. Ilikuwa juu tangu mwanzo.

Majarife nitasema kwa ufupi kwa kuwa mnayabeba mara chache. Yapangwe na watu wawili: mmoja anashika kamba ya maboya anaiweka upande huu, wa pili anashika kamba ya machubwi, yaani vizito, anaiweka upande ule, nyavu yenyewe inalala katikati. Chini yake gunia, maana mataruma, yaani mbavu, ya ngalawa nzee yana misumari iliyochomoza, na jicho moja la nyavu likinasa msumari jarife zima linasimama. Misumari hiyo ivisheni mpira wa tairi la ndani. Na wa kumwaga jarife asivae shati la vifungo. Nimeona kifungo kikimpeleka mtu majini.

Kwetu Kigombe jarife lina historia yake. Ndilo lililotuletea silikanti, samaki ambao wataalamu waliwahesabu kuwa wametoweka zamani za kale mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wetu wakaanza kunaswa mwaka 2003, na mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mkija kuvua upande huu na majarife ya baba, waulizeni kwanza watu wa hifadhi wapi panaruhusiwa.

Vilivyobaki vinajipanga vyenyewe. Upo, yaani chombo cha kutolea maji ngalawani, ambao siku hizi ni dumu lililokatwa ubavu, ufungwe kwa kamba karibu na anayekaa katikati, maana ngama inajaa hapo. Chambo kikae kivulini ndani ya gunia bichi. Maji ya kunywa yakae tezi, nyuma ya chombo, kwa nahodha, ili asiyatumie mtu kunawia. Na lile sanduku moja lililobaki liwe la ndoana za akiba, waya, koleo, sindano ya nyavu na uzi, tochi na kiberiti kwenye mfuko. Lifungeni.

*Babu, ndoana zangu zinakula kutu ndani ya kopo kabla sijazitumia. Rafiki yangu ananiambia niziloweke kwenye mafuta ya taa. Ni sawa? (Mvuvi wa Gazi, Kwale)*

Mafuta ya taa yatazuia kutu, na yatazuia na samaki. Samaki ana pua, mwanangu, hasa changu na tasi wa mchana kwenye maji maangavu.

Kopo lako lina chumvi, hilo ndilo tatizo. Unarudi na ndoana uliyoitumia, unairudisha kwa wenzake wapya, na chumvi yake inawaambukiza wote. Weka makopo mawili. Iliyogusa bahari isirudi kopo la kwanza kamwe. Jioni zile za kopo la pili zisuuze kwa maji baridi ya kisima, zikaushe kwenye kitambaa, kisha tia tone la mafuta ya nazi kwenye kiganja na uzipitishe humo, kwa uangalifu, usije ukawa kama yule binamu wa Mkwaja. Kopo liwe na kifuniko cha kukaza. Na ukinunua, usizichanganye namba: namba 6 kubwa na namba 12 ndogo zikikaa pamoja utashika isiyo yako wakati samaki wanakula. Kumbuka tu kwamba kwenye zile zenye alama ya mkwaju na sifuri, hesabu inageuka, namba ikipanda ndoana inakua. Hilo limewachanganya wengi dukani, na mimi nikiwemo.

*Mzee, habari za leo. Mume wangu alifariki mwaka jana, akaniachia mashua na nyavu. Mabaharia wanaziacha nyavu ndani ya chombo juani siku nzima. Nikiwaambia wazilete nyumbani wanasema ni nzito, tena walipozileta panya walizitoboa. Nani mwenye haki? (Mwenye chombo, Bagamoyo)*

Pole sana Bi Mkubwa, Mungu amrehemu.

Wote mna haki nusunusu, na nitaanza na wao ili wasiseme nimekupendelea. Nyavu za nailoni haziozi kama zile za pamba walizotumia baba zetu, kwa hiyo vijana wanadhani hazifi. Zinakufa kwa jua. Ukiziacha juani msimu baada ya msimu nyuzi zinakuwa kavu, zinapoteza nguvu, na siku nguru mkubwa akiingia zinakatika kama bua. Jaribu mwenyewe: chukua uzi mmoja wa pembeni uliokaa juu ya lundo na mmoja wa chini, uvute kwa vidole. Utaona wa juu unakatika kwanza. Waonyeshe na wao, usiwaambie tu.

Sasa upande wako. Panya hali nailoni, anakula samaki. Nyavu zikiingia nyumbani na magamba, ute wa samaki na vipande vya kaa, umemkaribisha karamu, na kuifikia karamu atakata chochote. Zisuuzwe baharini kabla ya kutoka majini, vipande vyote vitolewe, zianikwe kivulini mpaka zikauke. Kisha zining'inizwe juu ya miti miwili chini ya banda la makuti, zisiguse ukuta wala ardhi. Usizishindilie kwenye gunia zikiwa mbichi.

Na banda nani alijenge? Hapa nitakuudhi kidogo. Kwenye mgao wa samaki, chombo kina fungu lake na nyavu zina fungu lake, na mafungu hayo yote yanakuja kwako. Anayepokea fungu la nyavu ndiye anayezitunza. Jenga banda, tena karibu na pwani, usilijenge uani kwako. Kuzibeba kutoka chomboni mpaka bandani ni kazi yao. Kuzibeba mpaka mtaani ni kuwaonea. Mlango uwe na kufuli, funguo iwe kwako, na asubuhi wakija kuzichukua uwepo. Wataanza kuzikunja vizuri wakijua kuna anayetazama.

*Shikamoo mzee. Sisi tunavua dagaa Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe. Tumeacha karabai, sasa tunatumia taa za betri. Kwenye mtumbwi tuna betri mbili, nyaya za taa tano, dumu la petroli, nyavu na watu wanne. Betri moja ilipinduka, na wiki iliyofuata nyavu ikatoboka matundu kama imepigwa na cheche, wakati hakuna aliyevuta sigara. (Mvuvi wa Ukerewe)*

Marahaba. Mimi ni mtu wa maji chumvi, lakini hili nalijua, kwa kuwa hata sisi tumeziona betri. Hakuna aliyevuta sigara. Ni maji ya betri. Ile ni tindikali, na tindikali inakula nailoni. Ilipomwagika ikatiririka chini ya mbao, nyavu ikalala juu yake usiku mzima, nanyi mkaiona siku nyuzi zilipochoka kabisa. Kipande kilichopata tindikali kisuuzeni kwa maji mengi kisha mkikate na mshone kipya; kushona tundu kwenye uzi uliokwisha kuliwa ni kupoteza uzi mzuri.

Betri ikae ndani ya kreti ya plastiki yenye kifuniko, imesimama, imefungwa kwa mpira ili isipinduke hata mtumbwi ukilala. Iinuliwe juu ya ubao, isilale ngamani. Kwa kuwa ni nzito, ikae katikati, chini, isiwekwe omo wala tezi. Na nyavu isiwe upande wake wa chini hata kidogo.

Petroli ikae tezi karibu na mashine, mbali na betri kadiri mtumbwi unavyoruhusu. Moshi wa petroli, ule usioonekana, ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutulia chini ya mbao, unangoja. Mkiunganisha waya wa betri pakatoka cheche, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa hiyo changanyeni petroli na oili mkiwa nchi kavu, kifuniko kikazwe, na nyaya za taa ziunganishwe kabla dumu halijafunguliwa.

Nyaya tano hizo kila mmoja ukunjwe peke yake, ufungwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Halafu pigeni mafundo kwenye ukanda: taa ya kwanza fundo moja, ya pili mafundo mawili. Usiku wa giza, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, vidole vitasoma.

Nimepata barua nyingine kutoka ziwa hilohilo inayouliza namna ya kupanga kokoro, nyavu ya kukokota, kwenye mtumbwi mdogo. Kokoro limepigwa marufuku. Sitajibu.

*Babu, swali fupi. Kisu kikae wapi? Na simu? (Msomaji, Kilwa Kivinje)*

Simu ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye fundo, itie ndani ya chupa yenye mdomo mpana, kaza kifuniko, funga chupa kwenye chombo. Ikianguka itaelea. Imekwisha.

Kisu ndicho kinachostahili kuandikiwa barua. Kwenye chombo chochote chenye kamba inayokimbia, iwe ya nanga, ya jarife au ya zulumati, iko siku itamzunguka mtu mguu. Siku hiyo hamna muda wa kufungua sanduku. Kwa hiyo kisu cha kukatia kamba hakikai sandukuni, hakikai mfukoni mwa nahodha, wala hakikatii chambo. Cha chambo kiwe kingine, maana cha chambo daima kinapotea chini ya magamba.

Mimi nilikata kipande cha bomba la plastiki, urefu wa shibiri moja, nikakipigilia msumari upande wa ndani wa ngalawa, mkono wa kulia, mahali ambapo aliyekaa tezi anafika na aliyekaa katikati anafika pia. Kisu kinaingia humo mpini juu. Mpini nimeuzungushia kitambaa chekundu, na kuna kigwe cha kukifungia chomboni, kirefu kiasi cha kufika mguuni kwa mtu yeyote. Kinanolewa kila Ijumaa, kikifutwa kutu kwa mafuta yaleyale ya nazi. Kabla ya kutoka pwani nilikuwa namwambia kila baharia afumbe macho akiguse. Mgeni akicheka, namrudisha nchi kavu.

Kilitumika kweli mara mbili tu. Mara zote mbili aliyekichomoa hakuwa mimi.

Ngalawa ile niliiuza, lakini bomba niling'oa nikaja nalo. Sasa limepigiliwa jikoni, kisu kimo ndani, na mke wangu anakatia bamia. Akimaliza anakiacha popote. Tunagombana kila siku.